Saa ya Kwanza Ilikataliwa

Ndugu msomaji, hebu tuanze na neno. Saa yako ikifa unaipeleka kijiweni kwa fundi, unamwambia, "Kaka, nitengenezee saa yangu." Na kiwanda kilichoizaa saa hiyohiyo, nacho tunasema kimetengeneza saa. Kiswahili hakioni taabu yoyote hapo. Aliyeunda na aliyefufua wote wametengeneza, wote ni mafundi.

Tusijicheke sana. Waingereza nao walitumbukia katika shimo hilohilo. Neno lao la fundi saa, kwa asili yake, maana yake ni muunda saa. Lakini ilipofika katikati ya karne ya 20, karibu kila aliyeitwa hivyo nchini mwao alikuwa mtu wa kusafisha, kutia mafuta na kubadilisha vipuri vilivyotoka kiwandani, tena mara nyingi kiwanda cha nchi nyingine. Jina lilibaki juu ya mlango wa duka. Kazi yenyewe ilikwisha hama.

Makala hii ni habari ya kijana mmoja aliyetaka kulistahili jina hilo. Anaitwa Roger Smith, alizaliwa mwaka 1970 katika mji wa Bolton, kaskazini mwa Uingereza. Alipokuwa na miaka 16 alijiunga na chuo cha ufundi saa mjini Manchester. Miaka michache baadaye alijifungia, akaunda saa ya mfukoni kwa mikono yake, akaipeleka kwa bingwa mkubwa kuliko wote, na bingwa akamwambia: hapana, karudie. Kwa nini arudie, na alifanya nini baada ya kuambiwa hivyo, ndilo jambo lililonifanya nishike kalamu.

Lakini ili uelewe uzito wa hilo, inabidi turudi nyuma kidogo.

Katika karne ya 18 Uingereza ilikuwa kitovu cha saa. John Harrison, mtoto wa seremala ambaye mwenyewe alianza na randa na msumeno, alikamilisha mwaka 1759 saa ambayo ilimwezesha baharia kujua amefika wapi baharini kwa upande wa mashariki na magharibi. Katika miaka hiyohiyo ya 1750, Thomas Mudge alibuni kifaa kidogo cha kuiachia nguvu ya springi kwa vipimo, na wazo lake limo mpaka leo ndani ya saa nyingi za kutia ufunguo.

Usidhani, hata hivyo, kwamba kila saa ya enzi hizo ilitoka katika mkono wa mtu mmoja. La hasha! Katika mitaa ya Clerkenwell, London, na katika mji wa Prescot huko kaskazini, kazi iligawanywa vipande vipande. Huyu anachonga mishale tu, yule springi tu, wa tatu anakata meno ya magurudumu, wa nne anafua kasha. Mtu aliweza kuzeeka katika ufundi saa bila kuwahi kutengeneza saa hata moja. Halafu katika karne ya 19 viwanda vya Marekani, na vya Uswisi baada yao, viliingiza mashine. Waingereza wakang'ang'ania desturi za babu zao, wakaachwa kwenye mataa.

Kisha ikaja tarehe 25 Desemba 1969. Siku hiyo, huko Tokyo, kampuni ya Seiko ilianza kuuza saa ya mkono ya betri, ambayo ndani yake kijiwe kiitwacho kwatzi hutetemeshwa na umeme kwa kipimo kisichoyumba. Saa hiyo haikuhitaji kutiwa ufunguo, na ilikwenda sawa kuliko saa nyingi za dhahabu. Uswisi, iliyokuwa na wafanyakazi wa saa wapatao 90,000 mwaka 1970, ilibakiwa na thuluthi moja hivi ilipofika katikati ya miaka ya 1980. Ilionekana wazi kwamba habari ya springi na magurudumu imekwisha.

Sasa sikiliza ajabu. Mwaka huohuo wa 1969, mtu mmoja huko London alimaliza saa yake ya kwanza ya mfukoni, aliyoiunda mwenyewe. Aliitwa George Daniels.

Huyu Daniels alizaliwa mwaka 1926, akakulia katika umaskini, nyumba imejaa watoto. Shule aliiacha akiwa na miaka 14, akaenda kufanya kazi katika kiwanda cha magodoro. Jeshini, alikoingia mwaka 1944, alikuwa akiwatengenezea askari wenzake saa zao. Alipotoka akawa fundi kama mafundi wengine, mchana benchi, jioni darasa. Mwalimu wake mkubwa alikuwa marehemu: Abraham-Louis Breguet, mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Paris mpaka alipofariki mwaka 1823. Daniels alizifungua na kuzifunga saa za Breguet hadi akazijua kama mtu anavyoijua njia ya kwao. Halafu akajiuliza swali la kichaa: zile fani zote walizogawana mafundi wa Clerkenwell, ambazo ni zaidi ya 30, kwa nini asizijue mtu mmoja?

Akazijua. Akaunda saa nzima, mishale, kasha na uso wake, katika karakana yake mwenyewe. Mwaka 1981 akatoa kitabu, *Watchmaking*, kinachoeleza kazi hiyo hatua kwa hatua. Mwaka 1982 akahamia Isle of Man, kisiwa kilichopo baharini kati ya Uingereza na Ireland.

Huyo ndiye mzee aliyefika siku moja katika kile chuo cha Manchester kuzungumza na wanafunzi. Hebu jiweke mahali pao. Unafundishwa kufufua saa za watu, na unajua dunia imekwisha hamia kwenye betri. Mara anasimama mbele yako mtu ambaye saa anazozionyesha kaziunda mwenyewe. Smith alikuwa kijana mdogo bado, na kuanzia hapo hakupona. Alimaliza masomo kwa kung'ara, akapata medali ya shaba ya British Horological Institute, akaingia kwenye kazi ya kukarabati. Lakini moyo ulikuwa kwingine. Akiwa na miaka 19, kitabu cha Daniels kikiwa mbele yake, akaanza kuunda saa yake ya mfukoni.

Mwenzangu, tusipite haraka hapa. Kuunda saa kwa mkono ni nini hasa?

Kwanza unayo bamba la shaba ya manjano, vipande vya chuma cha pua, na kichwa chako. Ndani ya bamba unatoboa mashimo ambamo ekseli za magurudumu zitakaa. Shimo likienda upande hata kwa upana wa unywele, meno hayatakutana vizuri na saa itasimama. Magurudumu unayakata meno moja moja. Ekseli unazikereza kwenye mashine ndogo, na ncha za ile ekseli nyembamba kuliko zote hukaribia sehemu moja ya kumi ya milimita. Chuma unakichoma mpaka kiwe chekundu, unakitumbukiza ndani ya mafuta kipate ugumu, kisha unakipasha tena taratibu mpaka rangi yake igeuke buluu, kwenye joto la kama nyuzi 300, ili kisivunjike kama kioo. Ukizidisha kidogo, rangi inapita, kazi ya siku nzima inatupwa.

Halafu kuna moyo wenyewe. Springi kubwa inataka kufunguka yote kwa mpigo. Ikiachiwa, magurudumu yatazunguka vuu, saa itaishiwa nguvu papo hapo. Kwa hiyo panawekwa mlinzi wa mlango: kifaa kinachoruhusu jino moja tu lipite, kisha kinafunga, kisha jino jingine, kinafunga. Anayempa mlinzi amri ni gurudumu la mizani, linalocheza huku na huku likishikwa na springi nyembamba kama unywele. Ule mlio wa tik-tik unaousikia ni mlango kufungwa. Saa nyingi za mfukoni hupiga mara 18,000 kwa saa moja, yaani mara 432,000 kwa siku. Na saa inayokosea sekunde 10 kwa siku imekosea sehemu moja tu katika 8,640. Jiulize wewe unayejiita mwandishi: ni nani kati yetu anayeandika maneno 8,640, zaidi ya mara nne ya urefu wa makala hii, akakosea neno moja tu?

Kazi hiyo ndiyo aliyoifanya yule kijana kwa mwaka mmoja na nusu. Tena hakuchagua saa rahisi. Aliweka ndani yake turubiloni, kile kizimba kinachozungusha moyo wote wa saa ili uzito usiuvutie upande mmoja, ambacho Breguet alikipatia hataza mwaka 1801. Ilipokamilika ikatembea. Hebu fikiria usiku ule: vyuma ulivyovichonga mwenyewe vinaanza kudunda. Akaifunga vizuri, akavuka bahari kwenda kwa mzee.

Daniels akaitazama. Hukumu yake, kama Smith mwenyewe alivyoisimulia mara nyingi baadaye, ilikuwa kwamba saa ile inaonekana mno kuwa imetengenezwa kwa mkono. Kaanze upya.

Mimi niliposoma hapo mara ya kwanza nilikasirika. Si ndiyo sifa yenyewe? Si ndicho alichokuwa akikihubiri, kwamba mtu aunde kwa mkono? Kumbe sikuwa nimeelewa. Daniels hakukataa mkono. Alikataa alama za mkono. Katika saa ile jicho lilikuwa linaona mahali tupa ilipopita, mahali fundi alipohangaika. Kwa Daniels, saa iliyokamilika ilipaswa ikae mbele yako kama kitu kilichozaliwa hivyo, na jasho la fundi libaki karakanani.

Naomba niseme langu moja, halafu nirudi kwenye saa. Baada ya kumaliza kidato cha nne niliandika riwaya, madaftari manne, kwa peni. Nilimpelekea mtu mmoja mwenye uzoefu wa uhariri. Alikaa nayo wiki tatu, akanirudishia na kuniambia, "Kijana, kila ukurasa nakuona unavyoandika." Sikumwelewa. Nilidhani ananionea wivu, nikasema wakubwa hawa wamejifungia mlango na ufunguo wameutia mfukoni. Madaftari yakakaa chini ya kitanda. Ni siku nilipoifahamu hukumu ya ile saa ndipo nilipoyavuta, nikasoma ukurasa wa kwanza. Sentensi ya kwanza ilikuwa na misemo mitatu na methali moja. Alama za tupa, bwana wee! Nilikuwa nimeziacha makusudi, ili watu waone nimefanya kazi.

Basi turudi kwa Smith, maana yeye alifanya ambacho mimi sikufanya. Alirudi nyumbani akaanza saa ya pili. Na badala ya kuirahisisha ili asichemshe tena, aliifanya ngumu zaidi. Turubiloni ilibaki. Mlinzi wa mlango sasa ni wa aina iliyotumika katika saa za meli, anayetaka umakini mkubwa kwa sababu hasamehe kosa. Juu ya hayo kuna kalenda ya kudumu, inayojua yenyewe kwamba Aprili ina siku 30 na Mei 31, na kwamba Februari hupata siku ya 29 kila mwaka wa nne.

Saa hiyo ilimchukua zaidi ya miaka mitano. Miaka mitano, ndugu yangu! Na sehemu kubwa ya muda huo haikuliwa na vipande vipya bali na vile vya zamani. Kadiri mkono ulivyozidi kuwa hodari ndivyo alivyoona aibu ya alivyovichonga mwanzoni. Kipande cha mwaka wa kwanza hakikustahili kukaa jirani na kipande cha mwaka wa nne, kwa hiyo akakitoa na kukiunda tena. Huo ndio mtego wa kazi ndefu, na kila aliyewahi kuanza riwaya anaujua. Unapofika sura ya kumi, wewe si yule aliyeandika sura ya kwanza. Wengi huamua kulipua, mradi kitabu kiishe. Yeye alirudi sura ya kwanza.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 akavuka tena bahari. Daniels akaichukua saa, akaichunguza, akaanza kuuliza. Hiki nani katengeneza? Mimi. Na hiki? Mimi. Kipande kwa kipande, jibu ni lilelile. Alipomaliza akampongeza, akamwambia kwamba sasa yeye ni fundi saa.

Unaona sasa kwa nini nilianza na neno? Smith alikuwa na cheti na medali, na miaka kadhaa ya kuketi kwenye benchi. Mtaani kila mtu angemwita fundi saa bila kusita. Lakini lile jina katika kinywa cha Daniels lilikuwa na maana yake ya zamani, ile iliyokuwa imehama, na lilitolewa mara moja tu, baada ya saa mbili na miaka isiyopungua sita.

Kilichofuata kinajulikana. Mwaka 1998 Smith alihamia Isle of Man kufanya kazi na Daniels kwenye mfululizo wa saa za mkono za kuukaribisha mwaka 2000. Saa hizo zilitumia uvumbuzi wa Daniels mwenyewe, mlinzi wa mlango anayepunguza msuguano na hivyo kupunguza shida ya mafuta, ambao makampuni ya Uswisi yaliukataa kwa miaka mingi hadi Omega ilipouingiza sokoni mwaka 1999. Naam, hata mzee alikuwa anajua maana ya kuambiwa hapana. Mwaka 2001 Smith akafungua karakana yake kisiwani hapohapo. Daniels alifariki Oktoba 2011, akiwa na miaka 85. Na ile saa ya pili, mwezi Juni 2023, iliuzwa kwenye mnada wa Phillips mjini New York kwa takriban dola milioni 4.9 za Marekani.

Najua kuna atakayeishika hiyo milioni 4.9 na kuifanya ndiyo mafundisho: subira huvuta heri, vumilia utatajirika. Mimi sikubali. Saa ile ingeuzwa kwa bei ya chungwa, bado hukumu ya Daniels ingekuwa ya haki. Tena tuseme ukweli wote. Wapo vijana wangapi duniani walioambiwa wakarudie, wakaenda zao wasirudi? Historia haina orodha yao. Neno "karudie" linaweza kumuua mtu. Kijana amekesha mwaka na nusu, bila mshahara wa kazi hiyo, unamwambia saa yake haifai! Ningekuwa mimi ningeitupa baharini wakati wa kurudi.

Lakini kuna tofauti kati ya kukataa na kukataa. Wapo wanaokurudishia mswada bila hata kuufungua. Hao tuwaache. Daniels aliifungua ile saa, akaitazama kwa jicho la mtu ambaye angeweza kuiunda, na akataja kasoro. Alimpa sababu. Na sababu ni kama kipimo, unaweza kurudi nacho nyumbani ukakiweka juu ya benchi. Yule mhariri wangu naye, sasa naona, alinipa sababu. Ilikuwa sentensi moja tu, lakini mimi nilikuwa nangoja sifa, kwa hiyo sikuisikia.

Riwaya yangu nimeianza upya. Daftari la kwanza limekwisha, na nimekwisha rudi mara mbili ukurasa wa kwanza, kwa sababu ukurasa wa 40 unaudharau. Sijui nitafika lini. Ninachojua ni kwamba siku nikimpelekea yule mzee kwa mara ya pili, sitaki aseme nimejitahidi. Nataka asome, asahau kwamba kuna mtu aliandika, na akifika mwisho ndipo aulize: hiki nani katengeneza?